Wasiwasi na malengo: yanayosemwa sana, na ukweli wake

Ukimwambia mtu una wasiwasi, hukosi kuambiwa "jiwekee malengo". Ushauri si mbaya. Shida ni kwamba malengo yenyewe huwa ni yale ya semina za biashara, na mwenye wasiwasi akiyabeba yanamlemea, kisha analala akijilaumu. Haya ndiyo ninayoyasikia mara nyingi.

"Lengo langu ni kutokuwa na wasiwasi tena"

Lengo hili halifikiki. Moyo kwenda mbio, viganja kutoa jasho na tumbo kuvurugika ni namna mwili unavyojihami pale unapohisi hatari, na hauzimwi kwa amri. Tena ukishaamua kuwa siku njema ni ile isiyo na wasiwasi, utaamka unajipekua: leo upo? Ukiutafuta hivyo, utaupata tu.

Lengo linalofaa ni la tendo. "Ijumaa nitakwenda kwenye kikao cha kikoba na nitakaa mpaka kiishe," hata kama mikono inatetemeka. Jioni hakuna ubishi: umekaa au hukukaa.

"Tulia kwanza, ndipo uanze"

Kwangu mimi, hii ndiyo dhana yenye madhara kuliko zote, kwa kuwa inasikika kama busara ya wazee.

Tuseme abiria kashikwa na hofu kali ndani ya basi la mwendokasi lililojaa, asubuhi, kati ya Kimara na Ubungo. Anahisi pumzi inakata, anashuka. Kesho yake anachukua bodaboda na anapata nafuu kweli. Nafuu hiyo ndiyo mtego, maana ubongo unajifunza kwamba amesalimika kwa sababu amekwepa. Miezi ikipita, anachokwepa si mwendokasi pekee. Kuna foleni ya benki, kuna ibada ya Jumapili, kuna harusi ya binamu aliyoichangia na asiende.

Joseph Wolpe, daktari wa Afrika Kusini, alieleza katika kitabu chake cha 1958 jinsi ya kuzipanga hofu ngazi kwa ngazi, kuanzia ile inayovumilika. Yeye aliambatanisha kila ngazi na mazoezi ya kulegeza mwili. Matabibu wengi wa leo hawaoni ulazima wa hilo, ila ngazi zenyewe wamebaki nazo. Kwa abiria wetu zingekuwa hivi: kusimama kituoni saa tano, msongamano umepungua, mabasi mawili yapite. Halafu kupanda na kushuka kituo kinachofuata. Halafu Kimara mpaka Ubungo mchana. Saa moja asubuhi, watu wakisukumana mlangoni, inakuja mwisho kabisa. Kila ngazi inarudiwa mpaka aizoee na aione ya kawaida, na kadiri inavyowezekana asishuke hofu ikiwa kileleni.

Atajuaje kama ngazi ni ya kiasi chake? Ajiulize: kwa alama kumi, nina uhakika kiasi gani kwamba kesho nitafanya hili? Akijipa nne, ngazi ni ndefu. Aikate vipande.

"Lengo dogo ni la wavivu"

Wahamasishaji wanapenda kusema utafiti umethibitisha kwamba malengo makubwa ndiyo yanayozaa matunda. Utafiti upo. Wanasaikolojia Edwin Locke na Gary Latham walionyesha, kwa miaka mingi, kwamba wanaopewa lengo gumu na la wazi hufanya vizuri kuliko wanaoambiwa "jitahidi". Ila wenyewe waliweka masharti: mtu awe na uwezo wa kazi hiyo na awe ameliridhia lengo lake. Halafu walichokuwa wakipima ni ufanisi kazini, wala si usingizi wa mtu anayeamka saa tisa usiku kuhesabu madeni.

Kwa huyo wa saa tisa usiku, mfano bora unatoka Zimbabwe. Mwaka 2006 daktari wa magonjwa ya akili Dixon Chibanda alianzisha Harare mpango wa mabenchi ya mbao nje ya zahanati, na wanaoketi na wagonjwa ni akina bibi wa mitaa hiyo hiyo waliofundishwa kazi. Bibi anasikiliza. Mgeni wake anataja matatizo yote: ada, mume, kodi, maradhi. Kisha wanachagua moja tu, na kwa hilo moja wanatafuta hatua inayowezekana kabla ya kuonana tena. Jaribio lililohusisha watu 573, na matokeo yake kuchapishwa 2016, lilikuta kwamba baada ya miezi sita waliopitia benchi walikuwa na dalili chache kuliko waliopata huduma ya kawaida. Shirika la Afya Duniani nalo lina utaratibu wa vikao vitano unaofanana na huo, na umejaribiwa Nairobi kwa wanawake waliopitia ukatili, ukiendeshwa na wahudumu wa afya ya jamii. Huko nako matokeo yalikuwa mazuri.

Ulete kwetu. Mama mwenye genge ana mikopo mitatu ya kausha damu, na simu ikiita tu anaigeuza kifudifudi. Kumwambia "lengo lako liwe kumaliza madeni" ni kumwongezea mzigo. Lengo la wiki hii: Jumatatu saa nne, wateja wa asubuhi wakishapungua, aandike kwenye daftari kila anayemdai, kiasi na tarehe. Basi. Wiki ijayo apige simu kwa mmoja, aombe kulipa kidogo kidogo. Deni halijapungua hata shilingi, lakini sasa lina tarakimu, na tarakimu unaweza kukaa nayo mezani.

(Na tusidanganyane: riba ya kausha damu haiondolewi na daftari. Wasiwasi mwingine una sababu ya kweli, na sababu hiyo inataka dawa yake.)

"Kupanga nako ni kuwaza tu"

Kuwaza hakuna saa wala mahali. Mwanasaikolojia Peter Gollwitzer aliandika mwaka 1999 kuhusu mipango ya muundo wa "ikitokea hivi, nitafanya hivi", na jinsi inavyomsaidia mtu kutenda alichokusudia. "Mwalimu akinitaja, nitasoma sentensi ya kwanza nikiwa nimeishika meza." Uamuzi ulishafanyika jana, leo ni kuutekeleza.

"Siku 21 zikipita, utakuwa umezoea"

Hapana. Utafiti wa London uliotoka mwanzoni mwa mwongo wa 2010 ulikuta wastani wa siku 66 kwa tabia mpya kuzoeleka, wengine wakikadiriwa kufika 254. Kuruka siku moja hakukuharibu kitu cha maana.

"Ukiwa na malengo, hospitali ya nini?"

Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa mwaka 2019 watu milioni 301 walikuwa na matatizo ya wasiwasi, na takriban mmoja tu kati ya wanne wenye kuyahitaji hupata matibabu. Kwetu wengi hawaendi kwa kuogopa kuitwa vichaa. Lakini wasiwasi ukikaa miezi, ukala usingizi na kazi, au ukija na mawazo ya kujidhuru, mtafute mtaalamu; dua ya sheikh au maombi ya mchungaji hayagombani na matibabu. Kifua kikibana kwa mara ya kwanza, usijiambie ni wasiwasi tu, nenda ukapimwe moyo. Mwambie daktari pia dawa zote unazotumia, kwa sababu baadhi ya dawa za pumu huenda zikauendesha moyo mbio, na tezi ya shingo ikifanya kazi kupita kiasi huleta mtetemo, jasho na kukosa usingizi vilevile, hali inayogundulika kwa kipimo cha damu.