MRI ya uvimbe wa mfupa: maji gotini si kansa gotini

Hapa Mbeya, kuanzia wodini hadi kwenye bajaji za Mwanjelwa, utasikia: "MRI imesema ni kansa." Haisemi hivyo. Anayethibitisha ni mtaalamu wa patholojia, baada ya kuangalia kwenye hadubini kinyama kilichokatwa kwenye uvimbe. Eksirei ya kawaida ndiyo huanza kutia shaka. MRI, kipimo cha picha kinachotumia sumaku na mawimbi ya redio, hupima mipaka: uvimbe umefika wapi ndani ya uboho, umetoka nje ya mfupa kiasi gani, umeifikia mishipa ya damu na ya fahamu au bado. Hupigwa mfupa mzima, maana wakati mwingine kipande kingine cha uvimbe hujitenga mbali kwenye mfupa huohuo. Na hupigwa kabla ya kukata kinyama, kwani damu ya kidonda huichafua picha.

Ila kinachoniudhi zaidi ni habari ya maji. Osteosarkoma, kansa ya mfupa inayowapata zaidi vijana (wengi huambiwa wameumia mpirani tu, wakachuliwe), mara nyingi huota jirani na goti. Ripoti inarudi: kuna maji ndani ya goti. Nyumbani kilio kinaanza, kansa imeingia kwenye kiungo! Jamani, goti hujaa maji hata kwa kuchokozwa tu na uvimbe ulio jirani. Kansa imeingia pale uvimbe wenyewe unapoonekana umevunja gegedu (tabaka laini linalofunika ncha za mifupa kwenye kiungo), umetambaa kwenye kano za katikati ya goti, au umepenya kifuko cha kiungo. Hata hapo MRI ina tabia ya kuzidisha: ikisema haujaingia, mara nyingi ni kweli, ikisema umeingia, madaktari huitazama picha tena kwa makini.

Wanajisumbua hivyo kwa sababu upasuaji wote unategemea jibu hilo. Kiungo kikiwa salama, daktari hulifungua goti na kukata mfupa wenye uvimbe. Kikiwa kimeingiliwa, goti hutolewa zima bila kufunguliwa ili chembe za kansa zisimwagike, na pengine mguu wenyewe hauokoleki.

Basi ndugu zangu, ripoti ikitaja maji, msianze kumlilia mgonjwa. Muulizeni daktari: uvimbe wenyewe umevuka gegedu au bado?