Elementi haba katika itale: zipi huingia kwenye fuwele, zipi huachwa nje

Mtoto wa Kisumu akinunua barafu ya juisi iliyogandishwa kwenye kimfuko, hufyonza mara mbili tatu tu, utamu na rangi vikaisha. Anabaki na kipande cheupe kisicho na ladha. Maji yalipoganda yalikataa sukari, ikajikusanya kwenye majimaji ya mwisho, na hayo ndiyo ya kwanza kuyeyuka tena. Ndani ya mwamba mambo huenda vivyo hivyo.

Itale, yaani graniti, mwamba wa Kit Mikayi kule Seme na wa lile jiwe linalolia la Ilesi, Kakamega, umejengwa hasa kwa silikoni, oksijeni, alumini, potasiamu na sodiamu. Elementi haba ni zile zilizomo kwa uchache mno, chini ya sehemu 1,000 katika milioni. Aghalabu hazina madini yao wenyewe. Magma, yaani mwamba ulioyeyuka, inapoganda, kila moja hutafuta fuwele, punje ya madini yenye atomi zilizojipanga kwa utaratibu, yenye nafasi inayoifaa kwa ukubwa na kwa chaji. Strontiamu hufanana na kalsiamu, kwa hiyo plajioklesi, madini ya jamii ya feldispa yenye kalsiamu, huipokea. Kwatzi na feldispa huzifungia mlango uraniamu na tantalamu.

Kipimo chake ni mgawo: kiasi kilichomo kwenye fuwele, ukigawanya kwa kilichomo kwenye magma inayoizunguka. Tuseme fuwele zinajitenga kadiri zinavyoundwa, mpaka magma ibaki sehemu moja ya kumi. Elementi yenye mgawo wa 2 itakuwa imeshuka hadi moja ya kumi ya kiwango chake cha mwanzo. Yenye mgawo unaokaribia 0 itakuwa imepanda mara 10. Ndiyo maana lithiamu na tantalamu huchimbwa kwenye pegmatiti, mwamba wa fuwele kubwa uliotokana na masalio hayo. Mwamba ukianza kuyeyuka, zilizokataliwa na fuwele ndizo hutangulia kutoka.

Zirkoniamu ndiyo inayonivutia kuliko zote. Ni haba, lakini hujiundia madini yake, zirkoni, punje ndogo kuliko chembe ya sukari. Kiasi chake kwenye magma hakifuati mgawo ule. Huamuliwa na joto na aina ya magma. Magma isiyo moto sana hushindwa kuziyeyusha punje zote, kwa hiyo itale changa huweza kubeba punje za mwamba uliokwisha kutoweka. Na ile uraniamu iliyofungiwa mlango hupokelewa ndani ya zirkoni, ikageuka metali ya risasi polepole kwa mwendo unaojulikana. Kwa kuzipima mbili hizo, punje moja hutoboa umri wake.