Kabla mgongo haujanyooshwa, mfupa ujulikane

Mama mmoja wa miaka sitini na mitano alifika kwenye kliniki yetu ya mifupa akilalamikia maumivu ya mgongo yaliyomwanza siku alipoinama kuinua ndoo ya maji ambayo hata haikujaa. Wanawe walikuwa wameshampeleka kwa mtu wa kunyoosha viungo, akalazwa kifudifudi na kukandamizwa mgongo mpaka ukalia, na usiku ule hakuweza hata kujigeuza kitandani. Katika mahojiano alitaja, kama mtu anayepiga soga, kwamba magauni yake yaliyokuwa yakiishia kwenye vifundo vya miguu siku hizi yanaburura chini kwa upande wa mbele. Gauni halirefuki likiwa kabatini. Picha ya eksirei ilionyesha pingili mbili zilizobonyea upande wa mbele, na ndiyo maana mwenyewe alikuwa amepungua kimo na kuanza kuinama.

Nimeanza na kisa hicho kwa sababu, tangu video za watu wanaogeuzwa shingo na kulizwa mifupa zienee mitandaoni, swali ninaloulizwa zaidi ni kama tiba hiyo, yaani kairopraktiki, inafaa kwa wenye matatizo ya mgongo. Inawafaa baadhi yao. Ilianzia Davenport, jimbo la Iowa nchini Marekani, mwaka 1895, pale D. D. Palmer alipodai kuwa amemrudishia Harvey Lillard uwezo wa kusikia kwa kumsukuma pingili ya mgongo. Madai ya aina hiyo, kwamba kusukuma pingili kunatibu uziwi au magonjwa ya ndani, hayana uthibitisho. Kwa maumivu ya kawaida ya kiuno, hata hivyo, mwongozo uliotolewa na Shirika la Afya Duniani mnamo Desemba 2023 umeihesabu tiba ya kusukuma pingili kwa mikono miongoni mwa zinazoweza kutumika kwa watu wazima wenye maumivu sugu, pamoja na mazoezi, elimu kwa mgonjwa na kukandwa. Mwongozo huohuo haupendekezi mikanda ya kiuno, ile ambayo wagonjwa wetu wengi huja wakiwa wameshaivaa.

Ule mlio unaowafurahisha watazamaji hutokana na gesi iliyo ndani ya majimaji ya kiungo, wala si mfupa unaorudi mahali pake. Mtu anaweza kupata nafuu bila mlio wowote, na anaweza kusikia mlio mkubwa asipate nafuu. La msingi zaidi ni kwamba mkono wa mtaalamu, uwe hodari namna gani, hauongezi hata chembe ya madini kwenye mfupa.

Mifupa hufikia uimara wake wa juu mtu anapokaribia miaka 30, kisha hupungua polepole, na kwa mwanamke hupungua kwa kasi katika miaka ya mwanzo baada ya hedhi kukoma. Wengine huwahi kupungukiwa kwa sababu ya dawa: aliyetumia prednisolone kwa miezi mingi, kwa mfano, ana mifupa dhaifu kuliko umri wake. Mtu wa namna hiyo akikandamizwa mgongo kwa nguvu, pingili inaweza kubonyea palepale mezani.

Katika ukanda wetu kuna jambo jingine ambalo halipaswi kusahaulika, nalo ni kifua kikuu cha uti wa mgongo. Wadudu wa kifua kikuu wanaweza kuishambulia pingili mgonjwa akiwa hakohoi kabisa. Huja na maumivu yasiyopoa hata akilala, homa za jioni, jasho la usiku, kupungua uzito, na baadaye kibiongo. Ugonjwa huu hutibiwa kwa dawa. Kuunyoosha mgongo wa aina hiyo ni kuhatarisha neva, na mgonjwa anaweza kupooza miguu. Vivyo hivyo kwa aliyewahi kuugua saratani, aliyeanguka, au anayehisi ganzi sehemu za kukalia na kushindwa kuzuia mkojo au haja kubwa. Huyu wa mwisho anatakiwa afike hospitali siku ileile.

Anayetaka tiba hii amuulize mhudumu amesomea wapi na kwa muda gani, kwani miongozo ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2005 inataka mafunzo kamili yasiyopungua saa 4,200. Mtaalamu wa kweli atauliza maswali mengi kabla ya kumgusa mgonjwa. Kugeuza shingo kwa kishindo nakushauri ukukatae, maana mishipa ya damu iendayo kwenye ubongo imewahi kuchanika kwa namna hiyo, ingawa ni kwa nadra.

Kuhusu chakula, wengi huamini mchicha ndio mboga ya mifupa, kumbe una oksaleti inayoizuia sehemu kubwa ya kalsiamu yake isifyonzwe. Sukuma wiki hutoa kalsiamu inayofyonzwa vizuri zaidi, na dagaa wanaoliwa wazima na mifupa yao ni hazina ya bei nafuu. Mwili huhitaji pia vitamini D, ambayo ngozi huitengeneza kwa jua. Hivyo mwanamke anayeshinda ndani na kutoka akiwa amejifunika anaweza kupungukiwa nayo hata katika nchi za jua kali.

Yule mama hatukumsukuma pingili. Alianzishiwa alendronate, dawa ya kuimarisha mifupa, ambayo huimeza asubuhi moja kila wiki kabla ya kula, kwa glasi nzima ya maji, kisha hukaa wima kwa nusu saa ili kidonge kisimuunguze umio. Alifundishwa mazoezi ya kuimarisha misuli ya mgongo bila kuinama mbele, na ndoo ya maji sasa huinuliwa na mjukuu.