Kisanamu hakina betri, acheni kukipasua kitako

Wiki iliyopita baba mmoja aliniwekea mezani bahasha ya kaki. Ndani yake mlikuwa na Spyro, yule joka wa zambarau wa Skylanders, gemu ya TV inayochezwa kwa visanamu, kitako kimepasuliwa kwa kisu na koili ya shaba iliyokuwa ndani imekatika. "Fundi," akaniambia, "nimezunguka Kariakoo nzima, betri ya hiki kidude siipati. Nisaidie."

Hakuipata kwa sababu haipo, na haijawahi kuwepo. Nilimweleza taratibu, mzee wa watu, maana kosa si lake peke yake. Mwezi huu yeye ni mtu wa tatu kuniletea kisanamu kilichopasuliwa, na wote watatu kuna mtu aliyewahakikishia kwamba "hizi zikikaa sana betri inakufa." Visanamu vyenyewe vinaingia kwa wingi, vingine kwenye mizigo ya mitumba, vingine kwenye begi la shangazi anayerudi kutoka Uingereza, na vinaingia bila maelezo. Vingi vikiwa vizima kabisa. Sisi ndio tunaoviua, kwa imani kama hizi ninazozijibu hapa chini.

"Kisanamu kimeisha betri"

Kipindue kisanamu cha Skylanders utaona kitako cha duara. Ndani ya kitako hicho kuna vitu viwili vyenye kazi: koili ya shaba iliyozungushwa kama pete, na chipu ndogo kuliko punje ya mchele. Hakuna swichi, hakuna sehemu ya kuchomeka chaja, hakuna pa kukaa betri, hata ile ya saa ya mkononi.

Umeme unatoka kwenye potali, lile sinia unalowekea kisanamu juu yake. Potali ina koili yake, na mashine ya gemu ikiwashwa koili hiyo hutengeneza uga wa sumaku unaogeuka mara milioni 13.56 kila sekunde. Koili ya kisanamu ikiingia ndani ya uga huo, umeme kidogo sana huzaliwa ndani yake. Ni kidogo, lakini unatosha kuiamsha chipu, ikajitambulisha, ikasoma na kuandika. Ukikiondoa kisanamu, chipu inalala palepale, na inaweza kulala miaka bila kudhurika. Nina visanamu vya mwaka 2011, vile vya kwanza kabisa, na vinasoma kama vilivyotoka dukani leo.

Anayevuka kwa pantoni kwenda Kigamboni anagusisha N-Card yake, ile kadi ya nauli, getini na kupita. Ni nani aliyewahi kuibadilishia betri kadi hiyo? Kisanamu ni kadi ya namna hiyo iliyopewa mabawa na meno.

Najua imani hii imetoka wapi. Mwaka 2012 ilitoka Skylanders Giants, ikaja na visanamu vya LightCore vinavyowaka taa vikiwekwa juu ya potali, na yale majitu yenyewe, kama Tree Rex, nayo yanawaka. Mzazi akiona taa, anaona betri. Basi fanya jaribio hili usiku, taa ya chumbani imezimwa. Kiinue kisanamu taratibu kutoka kwenye potali. Taa inafifia kadiri unavyokipandisha, na kikifika umbali wa vidole vichache inazimika. Kingekuwa na betri kingeendelea kuwaka mkononi mwako.

Mwaka 2014 toleo jingine la Skylanders, Trap Team, likaongeza mkanganyiko. Humo ukimkamata adui, sauti yake inahama kutoka kwenye TV na kusikika pale kwenye potali, kana kwamba anapiga kelele ndani ya mtego uliomnasa. Watu wakasema mtego una spika, na penye spika pana betri. Spika iko kwenye potali. Mtego ni plastiki inayopitisha mwanga, yenye chipu ndani yake.

Betri ipo, ila iko kwenye baadhi ya potali. Potali ya Wii, mashine ya gemu ya Nintendo, iliyokuja na Spyro's Adventure, gemu ya kwanza ya Skylanders, mwaka 2011 haina waya: inatumia betri za kawaida, na inaongea na mashine kupitia kipokezi kidogo cha USB kinachochomekwa nyuma ya Wii. Betri hizo zikiisha, visanamu vyote vinaonekana vimekufa kwa pamoja, na ndipo mtu anachukua kisu na kuanza kupasua kimoja baada ya kingine. Kipokezi nacho kikipotea, potali hiyo haina kazi tena mpaka upate kipokezi chake. Anayenunua potali ya Wii mnadani bila kuuliza kipokezi kiko wapi amenunua sinia la plastiki.

Kwa hiyo kisanamu kisiposoma, mimi nafanya hivi, na wewe unaweza kufanya nyumbani kabla hujapanda daladala kunifuata. Kwanza weka kisanamu kingine kwenye potali ileile. Kikisoma, potali ni nzima. Kisiposoma, acha visanamu, angalia potali: waya, betri, kipokezi. Pili, hamisha potali kutoka juu ya chuma. Hili nalisema kila siku na nitaendelea kulisema: meza ya chuma, juu ya dekoda, juu ya mashine yenyewe ya gemu, kote huko chuma kinaula uga wa potali. Iweke juu ya mbao, au hata juu ya zulia. Visanamu vingi nilivyoletewa kwa jina la "vimekufa" vilifufuka kwenye meza yangu kwa sababu meza yangu ni ya mbao, basi. Tatu, hakikisha kisanamu na diski ya gemu vinafahamiana, jambo ambalo nitalieleza hapa chini. Ukimaliza hayo matatu na bado kimekataa, hapo ndipo tuseme kina hitilafu.

Ukishapasua, umefunga mlango. Koili iliyokatika mahali pamoja, penye ncha zinazoshikika, wakati mwingine inaungika kwa lehemu. Ya Spyro wa yule baba ilikuwa imekatika sehemu nne. Na kuna kisanamu kilichowahi kuletwa kwangu baada ya fundi mmoja wa simu kukilehemu betri ya saa moja kwa moja kwenye chipu. Chipu ile haikujibu tena, na mtoto alikuwa amesimama pale pembeni anatazama.

"Mhusika yumo ndani ya kisanamu"

Hii ni ndugu ya ile ya kwanza. Watu wanadhani joka lenyewe, na mwendo wake na moto wake, limehifadhiwa ndani ya kitako. Chipu ya Skylanders ina kilobaiti 1 tu. Ile ya amiibo, visanamu vya Nintendo vya namna hiihii, zilizoanza kuuzwa Novemba 2014, ina baiti 540. Picha moja ya kawaida ya WhatsApp haiwezi kuingia kwenye yoyote kati ya hizo, sembuse joka linaloruka.

Fikiria daftari la mkopo la duka la mtaani. Unga, sukari na sabuni viko dukani; daftarini kuna jina lako na ulichochukua. Duka ni diski. Daftari ni kisanamu. Kimeandikwa yeye ni nani, amefika levo gani, ana sarafu ngapi, amenunua uwezo gani, mtoto amempa jina gani la utani, na amevaa kofia ipi. Mwili wake, sauti yake na mapigo yake vyote viko kwenye diski.

Ukilielewa hili, mengi yanajieleza. Mtoto anaweza kumkuza Spyro kwenye Wii ya nyumbani, akambeba mfukoni hadi kwa binamu mwenye Xbox, na levo yake ikaenda naye, kwa sababu daftari limeenda naye. Lakini hatua aliyofikia kwenye hadithi ya gemu haiendi, kwa sababu hiyo imeandikwa kwenye mashine ya nyumbani. Vilevile, kisanamu cha zamani kinakubalika kwenye diski mpya: Spyro wa 2011 anacheza hadi Imaginators, Skylanders ya 2016. Jitu la Giants ukiliweka kwenye diski ya 2011 halitokei, kwa maana duka lile halikuwahi kuwa na bidhaa hiyo. Halijaharibika, wala hujauziwa feki.

Lakini kuna toleo lisilofuata hivi. Imaginators ya Nintendo Switch, iliyotoka 2017, haina potali kabisa. Unakigusisha kisanamu kwenye Joy-Con ya kulia, yaani pedi ya mkono wa kulia, gemu inamkumbuka mhusika, na baada ya hapo unaweza kumchezesha hata kisanamu kikiwa kabatini.

"Lazima ununue vyote"

Hii inawaumiza wazazi mfukoni, kwa hiyo nitatulia nayo kidogo. Spyro's Adventure ina wahusika 32. Boksi la kuanzia lina watatu: Spyro, Trigger Happy na Gill Grunt. Hao watatu wanatosha kumaliza hadithi yote, mwanzo hadi mwisho.

Kinachomliza mtoto ni mageti ya asili. Kuna asili 8: uchawi, maji, ufundi, moto, ardhi, hewa, uhai na wafu. Geti la moto linafunguliwa na mhusika wa moto pekee, na nyuma yake kuna hazina na kofia. Geti halijali ni mhusika yupi wa moto, mradi awe wa moto. Kwa hiyo kisanamu 1 kwa kila asili kinafungua mageti yote ya gemu hiyo. Spyro ni uchawi, Trigger Happy ni ufundi, Gill Grunt ni maji. Umebakiza 5. Nenda sokoni na orodha ya hao watano, angalia alama ya asili iliyo kwenye kitako, chagua vyenye bei nafuu, rudi nyumbani. Rangi iliyobanduka isikutishe hata kidogo, potali haina jicho. Mwenye kukwambia kwamba bila 32 gemu haiishi anakuuzia.

"Sumaku inafuta kumbukumbu"

Chipu hizi hazihifadhi kwa sumaku kama kanda za kaseti. Ushahidi umo humohumo kwenye Skylanders: mwaka 2013 Swap Force ilileta wahusika 16 wanaokatika kiunoni, nusu ya juu na nusu ya chini, na kinachozishika nusu hizo pamoja ni sumaku. Kila nusu ina chipu yake. Unaweza kuzichanganya kwa namna 256, na hakuna sumaku iliyofuta kitu.

"Potali ni potali"

Hapana. Kisanamu hakichagui mashine, potali inachagua. Potali ya Xbox 360 haifanyi kazi kwenye PS3, na ya PS3 haifanyi kazi kwenye Xbox. Hata Xbox 360 na Xbox One hazishirikiani potali. Pindua potali usome nyuma kabla ya kutoa hela.

"Ilishatumika, ina mwenyewe"

Jina la mmiliki wa kwanza huandikwa kwenye kisanamu, ni kweli, lakini si kufuli. Ndani ya Skylanders kuna menyu ya kuchukua umiliki na nyingine ya kufuta kila kitu ili mhusika aanze upya. amiibo nazo zinafutwa kwenye mipangilio ya mashine. Ushauri wangu ni usikimbilie kufuta. Kiweke kwanza uone ana levo gani. Pengine mtoto wa Manchester amemfikisha mbali kuliko wako atakavyomfikisha mwaka mzima.

"Mtu wa LEGO yeyote atacheza"

Kwenye LEGO Dimensions, gemu ya LEGO ya namna hii iliyotoka 2015, mtu wa LEGO hana chipu. Chipu iko kwenye kile kiduara anachosimamia. Ukimtoa Batman kwenye kiduara chake na kumsimamisha Gandalf hapo, kwenye TV atatokea Batman. Anayekuuzia Batman bila kiduara amekuuzia mdoli wa kuchezea sakafuni, na anayekuuzia kiduara kitupu cha Batman amekuuzia Batman.

"Kampuni zimeacha, kwa hiyo havifanyi kazi"

Disney walitangaza kuachana na Disney Infinity, gemu yao ya visanamu, Mei 2016, na pakiti mpya za LEGO Dimensions zilikoma 2017. Kukisoma kisanamu hakuhitaji intaneti wala ruhusa ya kampuni: ni koili mbili zinazoongea kwa umbali wa sentimita chache.

Jambo la kuangalia liko kwa LEGO Dimensions. Wahusika waliotoka baada ya diski hawamo kwenye diski, waliongezwa kwa masasisho yanayoshushwa na kukaa kwenye hifadhi ya mashine. Ukiiformati mashine, wanaondoka, na kuwarudisha kunakula bando kubwa. Ndiyo maana mteja akiniletea PS3 na kuniambia niifute yote kwa sababu imejaa, kabla sijagusa pedi namuuliza kwanza kama kuna mtoto nyumbani mwenye viduara hivyo.