Miaka 25 Imeisha, Jukwaa Bado Limesimama

Waya wa kufungia nondo, ule unaookotwa kwenye kila kiwanja kinachojengwa hapa Mtumba, Dodoma, haukatiki ukiukunja mara moja. Ukunje na kuukunjua palepale mara nyingi, utabaki na vipande viwili mkononi. Huo ndio uchovu wa chuma, adui mkubwa wa majukwaa ya mafuta na gesi baharini. Wimbi likipiga kila sekunde 8, kwa mwaka mmoja jukwaa limesukumwa karibu mara milioni 4.

Majukwaa mengi husanifiwa kwa miaka 20 hadi 25. Ikitimia, wanafunzi wangu huniuliza: linang'olewa? Si lazima. Umri peke yake hausemi kitu. Tarehe 27 Machi 1980, jukwaa la kuelea lililoitwa Alexander L. Kielland, makazi ya wafanyakazi, lilipinduka Bahari ya Kaskazini upande wa Norway. Kati ya watu 212, walikufa 123. Halikuwa limefikisha hata miaka minne kazini. Ufa ulianzia kwenye mshono wa kuchomelea wa milimita 6 tu, ulioshikilia kishikizo cha chombo cha kunasia sauti majini.

Ndiyo maana tathmini huanzia kwenye michoro, kisha wazamiaji hukwangua viumbe vya bahari mpaka chuma kionekane, wakatafuta nyufa kwa sumaku. Kipimo ninachokipenda zaidi ni hiki: mabomba mengi yanayounda kiunzi cha jukwaa huzibwa yakiwa na hewa ndani. Bomba likikutwa na maji, basi limepasuka mahali.

Ufa wa juujuu husagwa ukaisha. Uliozama hufungiwa kibano cha chuma kinachojazwa rojo la saruji. Kuchomelea ndani ya maji kwahitaji tahadhari kubwa, kwani mshono hupoa ghafla ukawa mgumu lakini mwepesi kuvunjika. Wakati mwingine dawa ni kushusha mitambo isiyotumika tena, jukwaa lipumue.

Gesi ya Songo Songo, kule Kilwa, inazalisha umeme tangu 2004, na umeme huo uko kwenye gridi ileile inayowasha taa zetu Dodoma. Miaka 20 imeshapita. Ombi langu kwa wanaosimamia miundombinu ya gesi: tunzeni michoro ya kila mshono, hata ule mdogo ulioongezwa baadaye. Mhandisi asiyejua kilichoongezwa analazimika kuhesabu kwamba ufa upo.