Baada ya upasuaji wa kupunguza uzito: maji, mgebuka na ugali wa muhogo

Mkazi wa Kigoma aliyefanyiwa upasuaji wa kupunguza uzito kwa kawaida amefanyiwa mbali na nyumbani, mara nyingi Dar es Salaam, ambako Hospitali ya Taifa Muhimbili-Mloganzila ni miongoni mwa zinazotoa huduma hiyo. Kisha hurejea huku, safari ya zaidi ya kilomita 1,200, akiwa na karatasi ya maelekezo inayotaja mtindi usio na mafuta, supu ya kuku iliyochujwa na unga wa protini wa kopo. Nyumbani anakuta dagaa, mgebuka (samaki wa Ziwa Tanganyika), maharage, kisamvu, mawese na unga wa muhogo. Makala haya yanakusudia kuisomea karatasi hiyo katika jiko la Kigoma, pasipo kuchukua nafasi ya maelekezo ya daktari aliyefanya upasuaji, kwa sababu yeye ndiye ajuaye alichokikuta na alichokifanya tumboni.

Aina mbili za upasuaji ndizo zinazofanywa zaidi duniani. Katika ya kwanza, iitwayo kwa Kiingereza sleeve gastrectomy, takribani asilimia 75 hadi 80 ya tumbo la chakula hukatwa na kuondolewa, likabaki bomba jembamba. Katika ya pili, iitwayo gastric bypass, sehemu ndogo ya juu ya tumbo, yenye ujazo wa mililita 30 hivi, hutengwa na kuunganishwa moja kwa moja na utumbo mwembamba, hivyo chakula huruka sehemu kubwa ya tumbo na mwanzo wa utumbo, mahali ambapo madini ya chuma na kalisi hufyonzwa kwa wingi. Tofauti hii si ya kitabibu tu, kwani ndiyo inayoamua nani ataumizwa zaidi na sukari na nani atahitaji virutubisho vya ziada kwa ukali zaidi. Ni vema mgonjwa aijue aina ya upasuaji wake kwa jina na aiweke kwa maandishi. Aliyewekewa puto tumboni hayuko katika kundi hili: puto ni la muda, huondolewa, na lina maelekezo yake.

Jambo la kwanza ni maji, na ninaliweka mbele ya chakula kwa makusudi. Katika wiki za mwanzo, upungufu wa maji mwilini ni miongoni mwa sababu kubwa zinazowarudisha wagonjwa hawa hospitalini. Lengo ni lita 1.5 hadi 2 kwa siku, lakini bilauri nzima haiwezi kunyweka kwa mkupuo kama zamani. Yatakiwa yanywewe kwa mafunda madogo, siku nzima, chupa ikiwa mkononi, iwe sokoni, ofisini au kwenye treni. Mkojo wa rangi ya chai kavu, kizunguzungu wakati wa kusimama na mdomo kukauka ni ishara kwamba mafunda hayatoshi. Maji ya kuchemshwa yaliyopoa, maji ya uvuguvugu, supu iliyochujwa na chai nyepesi isiyo na sukari vyote huhesabiwa. Soda haihesabiwi: gesi yake hulitanua na kuliumiza tumbo lililo dogo, na chupa ya mililita 300 huwa na sukari inayofikia au kuzidi gramu 30.

Tabia ngumu zaidi kuiacha, kwa uzoefu wa kazi hii, ni ile ya kushushia tonge kwa maji. Baada ya upasuaji, maji na chakula havikutani mezani. Mtu huacha kunywa anapoanza kula, na baada ya kumaliza husubiri angalau dakika 30 ndipo anywe tena. Maji yanayonywewa pamoja na chakula hukijaza kijitumbo kabla ya protini kuingia, au hukisukuma chakula kishuke haraka, na matokeo ni kutapika au njaa inayorudi mapema. Jagi lililokaa katikati ya meza ni kishawishi. Liondolewe hadi wakati wake ufike.

Chakula hurudi kwa hatua. Siku moja au mbili za kwanza ni vimiminika vyepesi vinavyopitisha mwanga. Kisha takribani wiki mbili za vimiminika vizito zaidi kama maziwa, mtindi mwepesi na supu iliyosagwa na kuchujwa. Halafu vyakula vilivyopondwa laini kwa wiki mbili hivi. Halafu vyakula laini. Na kwa kawaida kati ya wiki ya sita na ya nane ndipo mtu huanza kurejea chakula cha kawaida, kwa kiasi kidogo. Hospitali hutofautiana kidogo katika kuhesabu wiki hizi, na ratiba ya kufuata ni ile iliyotolewa na waliopasua. Kuruka hatua kwa sababu mtu anajisikia mzima ni hatari, kwa kuwa mshono wa ndani hauonekani wala haumwambii mtu kama umepona.

Katika kila hatua, protini ndiyo inayotangulia. Wataalamu wengi huweka lengo la gramu 60 hadi 80 kwa siku, na hapa Kigoma imebarikiwa kuliko mikoa mingi. Mgebuka wa gramu 100 aliyepikwa hutoa protini ya takribani gramu 20, yai moja gramu 6, na kikombe cha maziwa cha mililita 250 gramu 8. Unga wa muhogo, kwa upande wake, una gramu moja au mbili tu za protini katika gramu 100. Mtu mwenye tumbo kubwa aliweza kula ugali mwingi na samaki kidogo akatosheka. Mwenye kijitumbo hana nafasi ya kukosea namna hiyo.

Kwa hatua ya vyakula vilivyopondwa, mgebuka huchemshwa na nyanya na chumvi kidogo, hutolewa ngozi na miiba yote kwa vidole, si kwa kukisia, kisha hupondwa kwa uma pamoja na mchuzi wake hadi uwe kama rojo. Dagaa wakavu huchaguliwa, huondolewa mchanga kwa maji ya moto, hukaushwa tena, hukaangwa bila mafuta, husagwa na kuchekechwa. Vijiko viwili vya chakula vya unga huo, vikikorogwa katika supu, vinaweza kukaribia gramu 10 za protini. Ni kweli kwamba kopo la unga wa protini lina urahisi wake, ila kwa anayehesabu fedha, dagaa wa hapa wanaifanya kazi hiyo vizuri. Maharage hupikwa yakaiva kabisa na kuchujwa maganda, na huanza kwa kijiko kimoja, kwani huwajaza wengine gesi.

Ugali unastahili maelezo ya peke yake. Ugali wa muhogo huvutika na kunata, na tonge lisilotafunwa, ambalo wengi wetu tumezoea kulimeza, linaweza kukwama kwenye mlango mwembamba wa tumbo na kusababisha maumivu ya kifua, mate kujaa mdomoni na kutapika. Katika miezi ya mwanzo ni afadhali uachwe. Unaporudi, huliwa mwishoni, baada ya samaki na mboga, kwa tonge lenye ukubwa wa harage, likatafunwa hadi liyeyuke. Mkate mweupe laini na wali mkavu huleta shida ileile. Mawese yana vitamini A kwa wingi na hayana haja ya kufukuzwa jikoni, lakini kisamvu kilichoelea mafuta huleta kichefuchefu na kuhara; kijiko kimoja cha chai kwa sahani kinatosha.

Mlo mmoja uchukue dakika 20 hadi 30, kwa kijiko kidogo, na usimame kwenye dalili ya kwanza ya kushiba. Dalili hiyo imebadilika. Haiji tena kama uzito wa tumbo. Huja kama mkazo chini ya kifua, kwikwi, au pua kuanza kutiririka maji ghafla katikati ya kula. Anayeipuuza kwa kijiko kimoja tu cha ziada hutapika.

Sukari huwaadhibu zaidi waliofanyiwa upasuaji wa aina ya pili, ingawa wa kwanza nao hawako salama kabisa. Chakula chenye sukari nyingi kikiingia kwenye utumbo kwa haraka, ndani ya dakika 10 hadi 30 mtu huweza kutokwa jasho, moyo kwenda mbio, tumbo kusokota na kuhara. Kuna sura ya pili, saa moja hadi tatu baada ya kula, ambapo sukari ya damu hushuka chini ya kawaida na mtu hutetemeka au kuishiwa nguvu. Asali haina msamaha. Jirani zetu wa Tabora wana asali nzuri, lakini kwa tumbo hili asali ni sukari, sawa na miwa, juisi ya embe na uji uliokolezwa.

Kwa Waislamu wa Ujiji na kwingineko, funga ya Ramadhani inahitaji mazungumzo na daktari mapema. Kufunga kwa zaidi ya saa 13 bila maji, kisha kutafuta lita 1.5 kwa mafunda kabla ya alfajiri pamoja na protini zote za siku, ni jambo lisilowezekana kwa aliyepasuliwa miezi michache iliyopita, na dini yenyewe inamruhusu mgonjwa kula na kulipa baadaye. Atakayeruhusiwa miaka ya mbele afuturu kwa maji na samaki au supu. Tambi za sukari na mihogo ya nazi vitasubiri.

Sinia la pamoja nalo lina mtego wake, maana mkono hufuata mikono ya wengine kwa kasi na kwa wingi. Mgonjwa apakuliwe pembeni, kwenye kisahani, na wenyeji waelewe kwamba mgeni anayekataa kuongezewa hajadharau chakula chao. Wanaosema amekonda hadi anatisha, au wanaomnong'oneza kuwa ana maradhi mengine, wanaongeza uzito usiohitajika. Mama mkwe anayesisitiza bakuli la pili kwa upendo aelezwe kwa adabu na mapema, ikiwezekana na mtu mzima mwingine wa ukoo.

Pombe inyimwe nafasi angalau miezi sita ya kwanza, na wengi hushauri mwaka mzima. Baada ya upasuaji kilevi hufika kwenye damu haraka na kwa kiwango cha juu kuliko zamani, hivyo glasi moja inaweza kufanya kazi ya mbili au tatu. Dawa za maumivu kama diklofenaki na aibuprofeni, zinazouzwa kila duka la dawa, huweza kuleta vidonda ndani ya tumbo, hasa pale lilipounganishwa na utumbo katika aina ya pili. Parasetamoli ndiyo kimbilio. Anayetumia dawa za kisukari au presha arudi kupimwa mapema, kwa sababu dozi ya zamani inaweza kuwa kubwa mno ndani ya siku chache tu, na sukari au presha ikashuka kupita kiasi.

Vitamini na madini ni vya maisha yote, si vya dozi ya mwezi mmoja. Kwa kawaida huhitajika vitamini mchanganyiko, chuma, kalisi ya miligramu 1,200 hadi 1,500 kwa siku iliyogawanywa, vitamini D na B12, ambayo mara nyingi hutolewa kwa sindano. Chuma na kalisi visimezwe pamoja. Vitenganishwe kwa saa mbili, na chai ya rangi isinywewe karibu na chuma. Kwa kuwa baadhi ya dawa hizi hazipatikani kila siku mjini Kigoma, achilia mbali Uvinza au Kakonko, ni busara kuagiza za miezi mitatu kabla za awali hazijaisha. Nywele hunyonyoka kati ya mwezi wa tatu na wa sita kwa watu wengi, na kwa kawaida huota tena ikiwa protini na chuma vinatosha. Wanawake washauriwe kuahirisha ujauzito kwa miezi 12 hadi 18, wakijua kwamba vidonge vya uzazi wa mpango havitegemewi sana baada ya aina ya pili. Sindano, kipandikizi au kitanzi ni bora zaidi.

Homa, moyo unaokwenda mbio usiotulia, maumivu makali ya tumbo au ya bega katika wiki za kwanza huhitaji hospitali siku hiyohiyo. Kutapika kunakoendelea kwa siku kadhaa ni dharura pia, kwa kuwa vitamini B1 huisha mwilini haraka na ubongo hudhurika. Mgonjwa au ndugu yake aseme wazi mapokezi kwamba amefanyiwa upasuaji wa kupunguza uzito, ili B1 itolewe kabla ya dripu ya sukari.

Uzito mwingi hupungua katika miezi 12 hadi 18 ya kwanza. Baada ya hapo hamu ya kula hurejea na wengine huongezeka kilo kadhaa. Mara nyingi chanzo si sahani. Ni chai ya maziwa yenye vijiko vitatu vya sukari mara nne kwa siku, karanga za mfukoni, na maandazi mawili njiani kwenda kazini. Anayeona kilo zinarudi aandike kwa siku tatu kila kinachopita mdomoni, vinywaji vikiwemo, pamoja na saa yake, na aje na daftari hilo kliniki ya lishe atakapokuja kupima damu mwezi wa tatu, wa sita, wa kumi na mbili, na kila mwaka baada ya hapo.