Weusi Hawakukiacha Kitovu

Jumamosi iliyopita, katika darasa langu la sataranji hapa Nairobi, kijana mmoja alisogeza askari wake wa pembeni tu, akafungwa mapema, kisha akajitetea: "Mwalimu, si wale wachezaji wa mtindo mpya, akina Réti na Nimzowitsch, walisema kitovu cha ubao hakina haja?" Nimelisikia dai hili mara nyingi mno. Mabingwa hao wa miaka ya 1920 hawakulisema. Walichofundisha ni kwamba kitovu chaweza kutawaliwa na kete zikiwa mbali, kabla askari hawajakikalia.

Tuchukue mchezo wa New York wa mwaka 1956, ambapo Bobby Fischer, akiwa na umri wa miaka 13, akicheza Weusi, alimshinda Donald Byrne katika utetezi wa Grünfeld, ambapo Weusi huwaachilia Weupe wakikalie kitovu kwa askari, kisha hukishambulia. Weupe walipata askari wa d4 na e4, viwanja vya katikati ya ubao. Wanafunzi hushangilia hatua ya 17, malkia alipotolewa kafara, lakini mimi huwarudisha kwenye hatua ya 11, pale farasi wa Weusi alipokwenda a4, ukingoni kabisa, mahali tunapowakataza wanaoanza. Je, alikuwa anakikimbia kitovu? Hasha! Alikuwa anamsumbua farasi wa c3, mlinzi wa e4; kama Byrne angemla huyo wa a4 kwa farasi wa c3, farasi wa pili wa Weusi angemla askari wa e4 na kuwatishia malkia wa c5 na askofu wa g5 kwa pamoja. Byrne alimwondoa malkia, na hata hivyo e4 ikaanguka katika hatua ya 13. Muda mfupi baadaye safu ya e ilikuwa wazi, na ngome ikampiga shaha mfalme ambaye bado alikuwa katikati.

Hata hivyo, nasita kuuita mchezo huu ushahidi wa ubora wa Grünfeld, kwa kuwa Byrne alimsogeza askofu yuleyule wa g5 mara ya pili hali mfalme wake hana kinga. Kama badala yake askofu mwingine angekwenda e2, naamini tungekuwa na mchezo wa kawaida. Nina shaka pia kama nilifanya vyema kumfundisha kijana utetezi huu mapema, maana alijifunza kuachilia kitovu kabla ya kujifunza kushambulia alichokiachilia. Jumamosi ijayo nitampangia kete zilivyokuwa baada ya hatua ya 11 ya Weupe, nimwache aitafute a4 mwenyewe.